Jina la Kerneli Lisiandikwe kwa Mkono

Yeyote anayejiundia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, iwe ni kwa kompyuta moja ya nyumbani au kwa vifaa vingi alivyovisambaza kwa watu, siku si nyingi atalazimika kuamua jinsi ya kuzitofautisha kerneli zake kwa majina. Ushauri wangu ni kwamba fundi asilitunge jina hilo. Jina litokane na msimbo chanzo pamoja na usanidi uliotumika, likokotolewe na kompyuta yenyewe kabla ya kazi ya kuunda kuanza, na fundi asipewe nafasi ya kulisahau wala ya kulirudia.

Kazi yangu naifanyia Lamu, katika karakana iliyoko Langoni. Nahudumia kompyuta kuukuu zenye kumbukumbu ndogo, ambazo hupata nafuu kubwa zikiwekewa kerneli iliyopunguzwa yasiyohitajika, pamoja na kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazosoma hali ya betri za sola katika nyumba za wageni na katika vijiji vya visiwani. Shela naweza kwenda kwa miguu, lakini Siyu na Faza, kule kisiwani Pate, ni safari ya mashua, na mashua hupita mkondo wa Mkanda maji yanapojaa. Yakipwa, abiria husubiri. Kwa sababu hiyo kifaa kilichoko huko nakihoji kwa simu. Namwomba aliye karibu nacho aandike `uname -r`, amri inayoonyesha jina la kerneli inayotumika, na anisomee kinachotokea. Kila ninachoamua baada ya hapo, kutuma marekebisho au kufunga safari, kinategemea ukweli wa jibu lile.

Jina hilo huanza na namba ya toleo iliyomo katika faili ya Makefile, tuseme 6.6.30, kisha hufuatwa na nyongeza mbalimbali. Wengi huliona kama pambo la kuwekwa mwishoni, ilhali ndani ya mfumo lina kazi nzito. Moduli zote za kerneli, yaani vipande vyake vinavyopakiwa vinapohitajika, huwekwa katika saraka yenye jina hilo hilo ndani ya `/lib/modules`. Kila moduli hubeba jina hilo ndani yake, na kerneli hulikagua kabla ya kukubali kuipakia. Faili kuu ya kerneli iliyoko `/boot` nayo huitwa kwa jina hilo, na menyu ya GRUB, programu inayowasha kerneli, hujengwa kutokana na majina hayo.

Hebu sasa tuangalie linalotokea kerneli mbili tofauti zinapopewa jina moja, kwa kuwa hapa ndipo penye madhara ambayo wengi hawayatarajii. Umeunda kerneli, ikawekwa, ikafanya kazi vizuri. Baada ya wiki unabadilisha chaguo kadhaa katika usanidi, unaunda tena, unaweka tena, na jina halikubadilika. Amri ya `make install` kwa kawaida huwa na huruma kidogo: faili kuu ya zamani huipa kiambishi `.old`, ili uweze kuirudia mpya ikikataa. Amri ya `make modules_install` haina huruma hiyo, kwani hufuta moduli zilizokuwa katika saraka ile na kuweka mpya mahali pake. Kerneli mpya ikigoma kuwaka, unaichagua ile ya zamani ukidhani umejiokoa, kumbe inawaka ikiwa na moduli ambazo si zake. Ule ukaguzi wa jina, ambao uliwekwa mahususi kuzuia jambo hili, hauzuii chochote, kwa kuwa majina yanalingana herufi kwa herufi. Mwenye kuwasha CONFIG_MODVERSIONS, chaguo la usanidi linaloongeza ukaguzi wa moduli, atakuwa na kinga ya ziada, lakini asiyeiwasha anaweza kupata mfumo unaoganda bila sababu inayoeleweka, akalaumu diski, akalaumu umeme, akabadilisha chaji, na tatizo likabaki palepale.

Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo ndani ya `/boot` ilikuwa na kerneli zinazoishia na `-mpya`, `-mpya2` na `-sawa`. Mwenyewe alikuwa mtu makini, na majina hayo yalikuwa na maana kamili siku alipoyaandika. Tatizo ni kwamba maana hiyo ilibaki kichwani mwake, na kichwa cha mtu anayeendesha biashara hakiwezi kuhifadhi tofauti ya `-mpya` na `-mpya2` kwa mwaka mzima.

Mtu wa pwani akiulizwa yeye ni nani hatosheki na jina lake peke yake. Hutaja la baba na la babu, ili Omari wa ukoo huu asichanganywe na Omari wa ukoo ule. Kerneli nayo inahitaji nasaba, na waundaji wa Linux walishaiandalia. Katika usanidi, chini ya mipangilio ya jumla, mna chaguo liitwalo CONFIG_LOCALVERSION_AUTO. Ukiliwasha, na msimbo chanzo wako ukiwa unatunzwa kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo, skripti ya `scripts/setlocalversion` huangalia ulipofikia katika historia ya mabadiliko. Ukiwa juu ya lebo rasmi ya toleo haiongezi kitu, kwa kuwa lebo inatosha kukutambulisha. Ukiwa umeipita, huongeza idadi ya mabadiliko yaliyohifadhiwa tangu lebo ile, kisha herufi `g`, kisha herufi na tarakimu 12 za mwanzo za heshi ya badiliko la mwisho. Heshi ni mfuatano unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, hivyo yaliyomo yakibadilika nao hubadilika. Ukiwa na mabadiliko ambayo hujayahifadhi, huongezwa neno `-dirty`.

Washa chaguo hilo, kisha ujiwekee sharti la kutowahi kumpelekea mtu kerneli yenye `-dirty`. Neno hilo linakueleza kwamba kuna kitu kimebadilishwa, lakini halisemi ni kipi. Marekebisho mawili yasiyofanana kabisa, yakifanywa juu ya badiliko lile lile, yatatoa jina lile lile. Hifadhi kwanza kwa `git commit`, hata kama kazi haijakamilika, ndipo uunde. Vilevile, msimbo uliopakuliwa kama faili iliyofungashwa hauna historia ya Git ndani yake, kwa hiyo chaguo hilo halitakufaa. Ni bora kuchukua msimbo kwa `git clone` tangu mwanzo.

Hata hivyo kuna pengo ambalo Git haiwezi kuliziba, nalo ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Faili ya `.config`, yenye uamuzi wako wote kuhusu kilichomo na kisichomo katika kerneli, haitunzwi na Git katika mti wa Linux, kwani imeorodheshwa miongoni mwa faili za kupuuzwa. Unaweza kuzima viendeshi (programu zinazoendesha vifaa) mia moja, ukabadilisha namna kerneli inavyogawa muda wa prosesa, na heshi ya Git isitikisike. Kwa sisi ambao kazi yetu kubwa ni kubadilisha usanidi kuliko msimbo, nasaba inayotaja msimbo peke yake ni nusu nasaba.

Dawa yake ni fupi. Mfumo wa kuunda kerneli husoma faili yoyote ambayo jina lake linaanza na `localversion`, iwe katika saraka ya msimbo au katika saraka ya kuundia, na kuyaingiza yaliyomo katika jina la kerneli. Basi tunakokotoa heshi ya `.config` na kuiandika humo. Mimi huundia katika saraka ya kando, niliyoiita `kazi`, na skripti yangu ina mistari hii:

```
make O=../kazi olddefconfig
echo "-u$(sha256sum ../kazi/.config | cut -c1-6)" > ../kazi/localversion
make O=../kazi prepare
make O=../kazi kernelrelease
```

Mstari wa kwanza ni wa lazima, kwa sababu hukamilisha usanidi kwa kujaza chaguo mpya ambazo hazijajibiwa. Ukikokotoa heshi kabla yake, utakuwa umeitia alama faili itakayobadilika muda mfupi baadaye. Mstari wa mwisho hauundi chochote, bali huonyesha jina litakalotumika, na hapo ndipo pa kusimama na kusoma kabla ya kuiachia kompyuta kazi ya saa kadhaa. Usiiandike heshi hiyo ndani ya CONFIG_LOCALVERSION, maana chaguo hilo limo katika `.config` yenyewe, na kila ukiiandika utakuwa umebadilisha kile ulichokipima. Humo mimi huweka neno lisilobadilika, `-lamu`.

Jina linalotokea hufanana na hili:

```
6.6.30-u4f09a2-lamu-00003-g1b7d5e90c3a2
```

Ukilisoma kutoka kushoto, linakwambia kwamba hili ni toleo la 6.6.30, usanidi wake una heshi inayoanza na 4f09a2, limeundwa kwetu, limeipita lebo rasmi kwa mabadiliko 3, na badiliko la mwisho ni lile linalotambulishwa na tarakimu zinazofuata. Herufi na tarakimu sita za usanidi hutoa michanganyiko zaidi ya milioni 16, na hiyo inatosha kabisa kwa karakana. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: faili ya `.config` hurekodi pia toleo la kikompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kerneli) kilichotumika, kwa hiyo ukikisasisha kikompaila, heshi ya usanidi nayo hubadilika bila wewe kufanya lolote.

Kwenye simu jina hili husomeka vizuri kuliko linavyoonekana. Heshi hizi hutumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f tu, hivyo katika sehemu hizo sifuri haiwezi kudhaniwa kuwa herufi o, wala moja kudhaniwa kuwa herufi l. Mara nyingi namwambia aliye upande wa pili anisomee zile sita zinazofuata `u`, na hizo zinanitosha kujua pa kuanzia.

Wapo wanaopendelea kutia tarehe na saa katika jina, na kwa kweli jina la namna hiyo halirudiwi. Sikubaliani nao. Tarehe hueleza ni lini, nasi tunataka kujua ni nini. Msimbo ule ule na usanidi ule ule, ukiundwa mara mbili, utatoa majina mawili, saraka mbili za moduli, na `/boot` iliyojaa nakala za kitu kimoja. Isitoshe, saa ya kuundwa tayari huonekana kwa `uname -v`, pamoja na namba ya mfululizo inayotanguliwa na alama ya reli (`#`). Namba hiyo nayo isikuhadae: huhesabiwa ndani ya saraka ya kuundia, na saraka ikifutwa huanza tena na 1. Ukiona alama ya `+` mwishoni mwa jina, maana yake chaguo la AUTO limezimwa na msimbo hauko juu ya lebo. Jina zima lisizidi herufi 64, kwani likizidi mfumo hukataa kuendelea; mfano wangu una 39.

Wanaotumia viendeshi vya nje vinavyosimamiwa na DKMS, mfumo unaoviunda upya kwa kila kerneli mpya, kama baadhi ya vile vya Wi-Fi, wana sababu ya ziada. DKMS huweka kumbukumbu zake kwa jina la kerneli. Kerneli mpya ikija na jina la zamani, huamini kwamba kiendeshi kimeshaundwa na huenda isikiunde upya, ukabaki na ruta isiyopeleka mawasiliano. Jina jipya huondoa shaka hiyo.

Kwenye Raspberry Pi kazi haiishii hapo, kwa kuwa faili kuu ya kerneli ya biti 64 kwa kawaida huitwa `kernel8.img` na haionyeshi toleo lolote. Inakili kwa jina kamili ulilopewa na `make kernelrelease`, kisha katika `config.txt` uandike `kernel=` ukifuatisha jina hilo. Ile ya zamani iache mahali pake, ili mtu aliyeko Faza aweze kuirudisha kwa kuhariri mstari mmoja.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi `.config` yenyewe, kwa sababu heshi hutambulisha usanidi lakini haiwezi kuurejesha. Mimi huinakili katika hazina ndogo ya Git iliyo kando, kwa jina la kerneli husika, na skripti hufanya hivyo mara tu kerneli inapokamilika. Pamoja na hayo huwasha CONFIG_IKCONFIG na CONFIG_IKCONFIG_PROC, ili kifaa chenyewe kibebe nakala yake. Ukiwa na shaka, muombe aliye mbele ya kifaa aandike `zcat /proc/config.gz | sha256sum`, kisha ulinganishe herufi sita za mwanzo na zile zilizo katika jina. Zikilingana, unajua ni usanidi upi unaoshughulika nao. Zisipolingana, usitume marekebisho yoyote kabla hujapata nakala ya faili hiyo na kuilinganisha kwa `diff` na ile iliyoko katika hazina yako.