Urubani na sindano ya insulini

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nina miaka 19, naishi na wazazi Leicester. Nina kisukari aina ya kwanza, nachoma insulini. Nataka kusomea urubani, lakini baba anasema hakuna atakayekabidhi roho za watu kwa mtu anayeweza kuzimia. Ni kweli? Na ninyi huko juu mnafanyaje? — Salim

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Baba hakukosea sana. Hapa Uingereza mlango ulifungwa mpaka 2012. Mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikaanza kutoa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa kulipwa, kwa marubani wa insulini, kwa masharti magumu. Mimi narusha ndege kwa cheti hicho.

Napima sukari ya damu kabla ya kuruka, kila saa tukiwa angani, na tena ndani ya nusu saa kabla ya kutua. Naisoma namba kwa sauti, mwenzangu anaikagua, inaandikwa. 5 hadi 15 (milimoli kwa lita) ni kijani, kazi inaendelea. 4 na kitu ni manjano: nakula wanga gramu 10 hadi 15, napima tena baada ya nusu saa. Chini ya 4 au juu ya 20 ni nyekundu. Namwachia mwenzangu ndege, hakuna mjadala. Najua 15 itamfanya nesi wako akunje uso. Lakini sukari ikishuka huanza na akili: mtu anatoka jasho, mikono inatetemeka, naye anabisha kwamba yuko sawa. Juu kidogo unaweza kufanya kazi.

Mawingu ya radi yakiwa mbele na redio hainyamazi, sihangaiki na kipimo. Nakula wanga kwanza, napima nikipata nafasi. Na mikono iwe safi! Ukimenya chungwa kisha ukatoboa kidole hichohicho, mashine itakusomea sukari ya chungwa, nawe utadhani uko salama kumbe umeshashuka.

Insulini isiingie kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda. Hilo hata abiria walijue, hasa wazee wetu wanaokwenda Hija.

Sasa ubaya wake. Kwenye ndege ya abiria lazima uwe na rubani wa pili, siku zote. Na cheti hiki hakikubaliki kila mahali; nchi nyingi za Ulaya bado zinakataa. Ukitamani siku moja kurusha Dar es Salaam au Mombasa, ulizia mamlaka za huko mapema.

Kwa baba nina neno moja tu: ada ya chuo isilipwe hata senti kabla cheti cha daraja la kwanza hakijatoka. Chuo kikikuambia ulipe kwanza, cheti kitafuata, tafuta kingine. Anza na daktari wako wa kisukari, mpelekee kumbukumbu zote za mashine yako, zile mbaya pia. Ripoti yake ndiyo watakayoitaka.