Glavu zilezile, vinywa viwili

SWALI: Daktari, shikamoo. Wiki iliyopita nilikwenda kung'olewa gego katika zahanati moja hapa Kirumba. Mtoa huduma alipomaliza na mgonjwa aliyenitangulia alizifuta glavu zake kwa spiriti, akapokea simu, kisha akaniita kitini. Nilinyamaza kwa kuwa jino lilinizidi. Je, spiriti haitoshi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Haitoshi. Jozi moja ni ya mgonjwa mmoja, kwa kuwa glavu hizo zimetengenezwa zitumike mara moja tu, na spiriti au sabuni huudhoofisha mpira wake hadi vitundu visivyoonekana kwa macho vikaanza kupitisha majimaji. Hata glavu mpya yaweza kuwa na kitundu. Ndiyo maana mikono husafishwa kabla ya kuvaa na baada ya kuvua, kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, au kwa kitakasa chenye alkoholi sekunde 20 hadi 30.

Hiyo simu nayo ni kosa la pili, ingawa watu wengi hawalioni. Muuza sangara wa Mwaloni akipokea noti kwa glavu aliyoshikia samaki, kila mtu anajua kwamba noti itanuka. Damu iliyokauka kwenye simu au kwenye mpini wa taa haina harufu ya kumwonya mtu, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai humo kwa siku 7.

Glavu za upasuaji zilipoanza kuvaliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, takriban mwaka 1890, daktari William Halsted aliziagiza ili kuinusuru mikono ya muuguzi Caroline Hampton iliyokuwa ikiathiriwa na dawa za kuulia vijidudu. Zilianza kwa kumlinda mvaaji, na nadhani fikra hiyo bado haijatutoka.

Uwezekano wa kuwa umeambukizwa ni mdogo, lakini upo. Nenda ukapime homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU, ueleze tarehe uliyong'olewa jino, kwa sababu kipimo cha mapema hakioni kila kitu na utapangiwa siku ya kurudia. Kama hujachanjwa homa ya ini B, uliza chanjo hukohuko. Siku nyingine sema kabla hujafungua kinywa: “Daktari, samahani, naomba uvae glavu mpya.” Ukishachomwa ganzi, hayo maneno hayatatoka vizuri.