Homoni ni ile ile: kwa nini miguu inaota na mkia unayeyuka?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari. Tulipofika kwenye mageuzi ya chura, yaani kiluwiluwi anavyogeuka chura, mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama homoni ya tezi ya shingo inazunguka na damu mwili mzima, iweje ioteshe miguu na papo hapo iue mkia wa kiluwiluwi yule yule? Nilimwahidi jibu wiki ijayo. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo. Ameuliza swali lililowashughulisha wanasayansi kwa miongo mingi.

Mwaka 1912, mwanasayansi Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya farasi, nao wakageuka vyura wadogo kabla ya wakati wao. Baadaye kidogo, huko Marekani, Bennet Allen aliwatoa viluwiluwi tezi hiyo. Wakazidi kukua, wakawa wakubwa kupita kiasi, lakini hawakugeuka. Kwamba homoni ndiyo inayoamsha mageuzi, hilo likathibitika. La mwanafunzi wako likabaki palepale.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la miaka ya 1930. Jicho la kiluwiluwi lilipandikizwa kwenye mkia. Wakati wa mageuzi ulipofika, mkia ukafupika siku hadi siku, jicho likisogea nao kuelekea mwilini, na mwishowe mkia ukaisha, jicho likabaki zima. Kinyume chake, kipande cha ncha ya mkia kikipandikizwa kiwiliwilini huyeyuka vilevile, hata kama kila kitu kinachokizunguka kinabaki. Kumbe homoni haibebi amri ya "ota" wala ya "kufa". Inatoa ishara tu kwamba wakati umefika. La kufanya, kila seli inalo lake tayari.

Sasa tuingie ndani ya kiini cha seli. Wengi hudhani homoni hukutana kwanza na kipokezi chake, yaani protini inayoinasa, kisha viwili hivyo huifuata DNA. Kwa homoni ya tezi ya shingo sivyo. Kipokezi kimekwisha kukaa juu ya DNA, pembeni ya jeni, kikiwa kimeshikana na protini nyingine iitwayo RXR. Homoni isipokuwepo, kipokezi huita protini za kuzuia, nazo huondoa alama ndogo za kikemikali ziitwazo asetili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezizungukia kama uzi kwenye kigurudumu chake. DNA inakazwa, jeni haisomeki. Homoni ikinasa, kipokezi hubadili umbo, wazuiaji wanabanduka, wanakuja wasaidizi wanaorudisha zile alama, DNA inalegea na jeni inaanza kunakiliwa kuwa RNA, nakala inayotumika kutengeneza protini. Kwa hiyo kipokezi ndicho breki, na ndicho mafuta pia. Ushahidi wa hiyo breki ni huu: viluwiluwi walioondolewa jeni ya kipokezi alfa (kipokezi hiki kina aina mbili, alfa na beta) huanza kuota miguu mapema kuliko wenzao.

Mguu na mkia vinaachana hapa. Seli za chipukizi la mguu zina kipokezi alfa kwa wingi, na zina kimeng'enya kinachonyofoa atomu moja ya iodini kwenye tairoksini, homoni ya tezi ya shingo yenye atomu nne za iodini, ikawa T3 yenye nguvu zaidi. Homoni kidogo tu kwenye damu inazitosha. Mkia kwa muda mrefu hufanya kinyume: una kimeng'enya kingine kinachoiharibu homoni kabla haijafika kwenye jeni. Homoni ikifikia kilele chake, kinga hiyo inazidiwa. T3 huwasha jeni ya kipokezi beta, vipokezi vinaongezeka, mwitikio unazidi kupanda, na hatimaye zinawashwa jeni za vimeng'enya vinavyosaga kolajeni, protini inayoshikilia tishu. Na ni vizuri mkia uchelewe, maana ukiisha kabla ya miguu kuota, kiluwiluwi angeogeleaje?

Mkia haunyauki kama jani lililokatiwa maji. Mwaka 1966 mwanasayansi Jamshid Tata aliweka ncha za mikia kwenye vyombo vya maabara na kuzitia homoni, zikafupika. Alipoongeza dawa inayozuia utengenezaji wa RNA, hazikufupika. Mkia unakufa kwa kuwasha jeni mpya, yaani unajitengenezea wenyewe vifaa vya kujibomolea. Ukiwaeleza wanafunzi jambo moja tu, liwe hili.

Iodini iliyo ndani ya tairoksini ni ile ile ya kwenye chumvi yenye madini joto, inayotukinga na rovu. Tairoksini ya chura na ya binadamu ni molekuli moja.

Mvua zikinyesha, chukua viluwiluwi wachache dimbwini, waweke kwenye chombo cha kioo chenye maji ya dimbwi hilohilo na jiwe la kupandia, usitie dawa yoyote. Mara miguu ya mbele itakapochomoza, wanafunzi wapime mkia kwa rula kupitia kioo kila asubuhi na kuandika, mpaka ubaki kichuguu kidogo. Kisha warudisheni vyura dimbwini.