Kabla ya kukata mlimau, tazama juu kwanza

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anakaa Montréal, Kanada. Julai iliyopita alinitumia sauti kwenye WhatsApp: "Mdogo wangu, huku nyuma ya nyumba mibaruti imejaa, inanichoma miguu. Na kuna ndege mmoja wa njano kama kiini cha yai, kofia nyeusi, hataki kutoka humo. Nifyeke?" Nikamwambia asiguse hata shina moja mpaka Septemba.

Ndege huyo kwa Kifaransa ni chardonneret, jina linalotoka kwenye chardon, yaani mbaruti. Ni wa ukoo mmoja na chiriku wetu. Ndege wengi wa huko wakishakuza watoto, yeye ndiyo kwanza anaanza: mwisho wa Juni, Julai, hata Agosti. Anangoja mibaruti itoe sufi. Sufi anaitandika kiotani, na mbegu analisha watoto. Hapo ndipo anaponishangaza, maana ndege wengi wala mbegu huwatafutia watoto wao wadudu, lakini huyu huwatapishia mbegu zilizolainika kooni. Jike hujenga peke yake, hufunga kwa nyuzi za buibui, na kiota hubana hata kinaweza kushika maji. Hulalia mayai siku 12 hadi 14, dume akimletea chakula.

Haya niliyajua kwa kuchelewa, baada ya kosa langu mwenyewe.

Miaka michache nyuma, mwezi wa tatu, mvua bado zikinyesha Lubumbashi, mlimau wa kwenye lupango letu, yaani kiwanja cha nyumbani, ulianza kuziba dirisha la jikoni. Nikachukua panga. Tawi la tatu lilipoanguka, kikadondoka kikombe kidogo cha majani makavu, kipana kama kiganja cha mtoto. Ndani vifaranga watatu, macho bado yamefumba. Mama yao, chiriku mwenye nyusi za njano na mstari mweusi kama sharubu, alizunguka hapo juu mpaka jioni. Nilikifunga kiota kwa kamba kwenye tawi lililobaki. Asubuhi sikukuta kitu.

Tangu siku hiyo sikati kabla ya kuchungulia. Nakaa kwenye kiti, mbali, dakika 20 hivi. Ndege akiingia mtini mara kwa mara na kutoka bila sauti, ujue kuna nyumba humo. Usisogee kupiga picha: ukipasua njia kwenye majani, paka naye ameipata. Na nyasi za pembeni ya ukuta ziache zikomae mbegu. Jirani atakuita mvivu, mwache aseme.

Kuhusu safari, watu huchanganya. Chiriku wa Lubumbashi hahami nchi, bali mbegu zikiisha hukusanyika makundi na kufuata mahali zilipo. Wasafiri wa kweli ni mbayuwayu, wanaotoka Ulaya na kutufikia na mvua, kisha kurudi kwao zikikatika. Chardonneret wa Kanada yuko katikati: wengi hushuka kusini baridi ikija, baadhi hadi Meksiko, wengine hubaki palipo na chakula. Mwezi wa kumi na moja Yaya alilalamika kwamba "wa njano wameenda zote". Nikamuuliza kama haoni videge vya rangi ya udongo kwenye mbegu za alizeti alizomwaga. Anaviona kila siku. Ni wao wenyewe! Hubadilisha manyoya kabla ya baridi, na dume hupoteza njano yake mpaka majira ya kuchipua. Usiache kuwawekea mbegu kwa kudhani wamehama.

Mibaruti ya Yaya ilifyekwa mwisho wa Septemba. Mlimau wangu, kwa upande wake, umeziba tena dirisha lote, na mke wangu anapika bukari (ugali) taa ikiwaka saa sita mchana. Amenipa hadi mwezi wa sita.