Aliyejua Atamfufua Lazaro, Naye Alilia

Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Swali lenu la wiki hii lilitoka kwa mama mjane aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Anasema wenzake wa kikundi cha maombi wamemwambia kilio chake kimezidi, kwamba mtu anayeamini ufufuo halii namna hiyo, na kwamba machozi yake yanamhuzunisha Roho Mtakatifu. Mkatuuliza wasomaji kama ni kweli. Jibu langu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo, ila wanaomwambia hivyo wana mstari wa Biblia mkononi, na mtu wa namna hiyo hanyamazi kwa kuambiwa hapana tu.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku Arusha. Wanaolijua kanisa letu wanajua kwamba mchungaji mmoja huwa na mitaa kadhaa, yaani vituo vya ibada, kwa hiyo mazishi mengi huishia mikononi mwa mwinjilisti. Nimezika wazee walioshiba siku na nimezika vichanga. Ninayosema hapa nimeyasoma, lakini pia nimeyaona chini ya maturubai.

Mstari wenyewe ni 1 Wathesalonike 4:13, pale Paulo anapowaambia ndugu kwamba hataki wakose kujua habari za waliolala mauti, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Wengi wakifika kwenye "msije mkahuzunika" wanafunga kitabu. Paulo hakuweka nukta pale. Alikuwa akiwaandikia, mnamo mwaka 50 hivi, watu walioacha sanamu juzi tu, wanaomngoja Yesu arudi wakati wowote, na sasa wenzao wameanza kufa kabla hajarudi. Hofu yao ilikuwa kwamba hao waliokufa wameachwa nyuma. Paulo anawajibu kuwa hawajaachwa, tena watafufuliwa kwanza. Kisha anawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Sasa anayefarijiwa si ni mwenye huzuni? Asiye na huzuni utamfariji nini?

Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, anawaandikia Wafilipi habari za Epafrodito aliyeugua hadi karibu na kufa. Anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na akamhurumia na yeye Paulo, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni" (Wafilipi 2:27). Sura moja nyuma yake ametoka kuandika kwamba kufa ni faida. Anajua fika Epafrodito akifa anakwenda kwa Bwana, na bado anakiri kwamba kifo kile kingemuumiza juu ya maumivu aliyokuwa nayo. Sijui kikundi kile cha maombi kingemwambia nini Paulo.

Lakini mahali ninapotaka tukae ni Bethania, Yohana sura ya 11, kwa sababu sura hii husomwa karibu kila mazishi na husomwa haraka. Tunakimbilia "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima" halafu tunamaliza. Twende polepole. Yesu anapata habari kwamba rafiki yake Lazaro ni mgonjwa, na anakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Akifika, maiti ina siku nne kaburini. Martha anamwendea na lawama: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Baadaye Mariamu anatoka na maneno yale yale. Bila shaka dada hao wawili walikuwa wameyasema nyumbani siku zote nne. Yesu hamkemei hata mmoja wao. Hawaambii wanamhuzunisha Roho.

Martha hakuwa na upungufu wa mafundisho. Anasema wazi: najua atafufuka siku ya mwisho. Katekisimu nzima anayo kichwani. Yesu anaongeza juu ya imani hiyo, anamwambia huo ufufuo umesimama mbele yake. Kisha anaona Mariamu analia, na Wayahudi waliofuatana naye wanalia, na anafadhaika. Halafu mstari wa 35: Yesu akalia machozi.

Hapo ndipo hoja ya kikundi inapoanguka. Yesu alijua anachokwenda kufanya. Alikwisha kuwaambia wanafunzi kabla ya safari kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Zimebaki dakika chache jiwe liondolewe. Kama tumaini la ufufuo lingekausha machozi, basi macho ya kwanza kukauka pale Bethania yangekuwa yake. Hakuna mtu duniani aliyewahi kusimama kaburini na tumaini kubwa kuliko lile, na mtu huyo alilia. Hakuigiza ili kuwaridhisha wafiwa. Waliokuwapo walitazama wakasema, tazama jinsi alivyompenda.

Kwa nini alilie kitu anachokwenda kukiondoa? Mimi naamini ni kwa sababu kifo ni kibaya hata pale kinaposhindwa. Paulo anakiita adui, adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Adui anayekwenda kubatilishwa bado ni adui. Na hapa nina ugomvi na maneno tunayopenda kuyasema na kuyaandika misibani: "Tulimpenda sana, lakini Mungu amempenda zaidi." "Kazi ya Mungu haina makosa." Nayasikia kila wiki. Wanaosema wana nia njema, sina shaka. Lakini sikiliza maana yake masikioni mwa mfiwa: Mungu alimpenda mume wako, ndiyo maana akaja kumchukua kwako. Tumemgeuza Mungu kuwa mshindani wa mjane.

Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye majeneza yakapangwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid na mji mzima ukaenda kuaga. Mwambie mzazi wa pale kwamba Mungu alimpenda mtoto wake zaidi. Mimi siwezi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kilichotokea korongoni ni kazi ya yule adui, na kwamba Mungu anayemwamini alisimama upande wa wanaolia pale Bethania.

Mtu atanijibu kwa Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Tunayachonga maneno hayo kwenye misalaba ya makaburi. Sawa, lakini tazama nani aliyasema. Ni mfiwa mwenyewe, siku ile ile, juu ya watoto wake mwenyewe. Wageni hawakuyasema. Wageni walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wakiona mateso yake ni makubwa, na kwa siku hizo saba walikuwa wafariji bora kabisa katika Biblia. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumfafanulia. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena sawa habari zake kama Ayubu, Ayubu yule aliyelia, aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyetaka kumshitaki Mungu. Mfiwa akiyasema maneno yale mwenyewe, nitasema amina kwa sauti. Mgeni akimwekea mdomoni, hapana.

Sasa tumaini ni nini, kama si dawa ya kukausha machozi? Kila Jumapili tunakiri tunaamini ufufuo wa mwili. Misibani tunasahau neno mwili na kubaki na roho iliyoruka. Ndiyo, aliyekufa katika Bwana yuko na Bwana, lakini habari yake haijaisha hapo. Paulo anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Mkulima haelezwi hilo: mahindi ya kwanza unayoleta kanisani yametoka shamba lile lile litakalovunwa lote. Mwili wa Yesu uliotoka kaburini asubuhi ile, wenye alama za misumari, uliokula samaki, ndiyo mahindi ya kwanza. Shamba lililobaki ni sisi, na ni wale tuliowazika. Ndiyo maana tunauosha mwili, tunauvika, tunauzika kwa heshima. Wenzetu Wamoraviani, kwa desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, alfajiri ya Pasaka huabudu makaburini, jua likiwachomozea katikati ya wafu wao. Natamani sote tungefanya hivyo.

Tumaini hilo linatazama mbele, na kwa sababu hiyo halidai kwamba mambo yako sawa leo. Ufunuo 21:4 husema Mungu mwenyewe atafuta kila chozi. Kama kuna machozi ya kufutwa siku ile, basi watakatifu watafika pale wakiwa nayo. Nashangaa wanaotaka kuyafuta kabla yake, tena kwa kukemea.

Jambo hili si geni. Mwaka 387 Monika, mama yake Augustino, alikufa Ostia karibu na Roma, mbali na kwao Thagaste, ambako leo ni Algeria. Augustino ameeleza mwenyewe yaliyotokea. Alimfumba mama yake macho, huzuni ikamjaa, naye akajikaza. Mwanawe Adeodato, kijana mdogo, aliangua kilio, watu wazima wakamnyamazisha. Waliona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani, kwa kuwa hakufa kabisa. Mmoja wao akaanzisha zaburi. Augustino akazika bila chozi, akazungumza na wageni vizuri, na ndani anateketea. Akaenda kuoga, akidhani maji yatapunguza uchungu. Hayakupunguza. Hatimaye akiwa peke yake alimkumbuka mama alivyokuwa, akayaachia machozi yaende yatakavyo, akapumzika juu yake. Huyu ni mwalimu ambaye kanisa la magharibi lote limesoma kwake. Mara ngapi nimeona mtoto akinyamazishwa vile vile, au akipelekwa kwa jirani na kuambiwa baba amesafiri! Mwanaume ndiyo kabisa. Anaambiwa akaze moyo mpaka presha inampanda.

Kuna jingine kwa Monika ambalo Wachaga na Wahaya, na sisi wote tunaosafirisha miili kutoka Dar, tungelisikia. Siku zote alikuwa ametaka alazwe karibu na mumewe nyumbani. Alipoona anafia ugenini aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasijisumbue, bali wamkumbuke kwenye madhabahu ya Bwana. Mtu akauliza kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na kwao. Akasema hakuna kilicho mbali na Mungu, wala haogopi kwamba siku ya mwisho Mungu hatajua mahali pa kumfufulia. Sisemi tuache kusafirisha; hata kwangu wanajua nizikwe kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Lakini nimeona familia zikikopa kwa ajili ya jeneza na usafiri, halafu mjane anabaki na deni. Maneno ya Monika yangeokoa pesa nyingi.

Kuna huzuni isiyo na matumaini, sikatai. Nimeiona kwa wale wanaotoka makaburini moja kwa moja kwenda kwa mganga kutafuta nani kamroga marehemu, na kwa wale wanaoaminishwa kwamba aliyezikwa hakufa bali amechukuliwa msukule, wakamlipa mtu atakayemrudisha. Huko kilio hakiishi kwa sababu kifo hakikubaliwi, na mwisho wake ni bibi kizee wa jirani kupigwa mawe. Paulo angekuwa na neno kali hapo. Mama aliyewaandikia hayupo huko. Yeye amemzika mume, anajua amemzika, anamngoja Kristo, na jioni nyumba ikitulia analia.

Kwako mama. Luther, ambaye jina lake lipo mlangoni mwa kanisa langu, alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mwenye miaka 13. Alimwandikia rafiki kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru tu, kwa kuwa mtoto ameepuka dunia hii, lakini upendo wa mzazi una nguvu hata hawakuweza bila kulia. Kwa hiyo uko na Luther, na Augustino, na Paulo, na Bwana mwenyewe. Kama usingizi umekukimbia miezi mingi, au kula umeacha, nenda pia kamwone daktari. Hilo nalo si upungufu wa imani. Na kikundi kikija tena, wakaribishe chai, kisha waombe mfungue Zaburi ya 88 muisome pamoja kwa sauti. Inaanza kwa kumwita Bwana Mungu wa wokovu, na mstari wake wa mwisho unaishia gizani. Wakitaka kuongeza maombi ya ushindi baada yake, waombe wangoje wiki moja.