Nilimficha kakangu siku ya wageni: nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Kibokoni, Mombasa. Kakangu ana mtindio wa ubongo. Maneno humtoka kwa shida lakini akili yake ni timamu. Wazee wa mchumba wangu walipokuja kwetu, nilimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi chumba cha ndani, nikafunga mlango. Wakauliza tumezaliwa wangapi, nikajibu wawili, mimi na dadangu. Alikuwa akisikia. Lakini Ijumaa nikimpeleka msikitini, watu hunisifu na moyo hunijaa fahari. Nina dhambi? Na fahari hiyo ni riyaa, yaani kutenda jema ili watu wanione?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, tutenge ulilolihisi na ulilolitenda. Kumuonea haya kakako moyoni hukuandikiwa dhambi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa umma wake umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hayajasemwa wala kutendwa. Wewe ulisema, na ukatenda. Kusema "wawili" ni uongo, na mlango ule ni dhuluma.

Hukulazimika kuwaeleza hali yake. Aibu zinazopasa kutajwa kabla ya nikahi ni za mume na mke wenyewe, na maradhi ya ndugu hayamo. Lakini kukana kwamba yupo hukuruhusiwa. Warudie wazee wale kabla ya nikahi, uwaambie mko watatu.

Nabii Musa (a.s.) alikuwa na fundo ulimini. Katika Surat Taha, aya ya 25 hadi 32, anamuomba Mola alifungue, kisha anaomba asaidiwe na Harun, nduguye. Katika Al-Qasas, aya ya 34, anakiri kuwa Harun ni fasaha kumshinda. Mimi hapo husimama kila nikisoma. Mwenye ulimi mzito ndiye aliyesemeshwa na Mola wake, na mwenye ulimi mwepesi akawa msaidizi wake. Wakaenda kwa Firauni wote wawili.

Ama fahari yako, kusifiwa kwa jema ulilolifanya kwa ajili ya Allah si riyaa, Mtume (s.a.w.) ameiita bishara ya muumini iliyotangulizwa. Jipime hivi: usiku, pasipo wa kukuona, nani humgeuza kitandani na kumfuta udenda? Ikiwa ni mamako peke yake, fahari ya Ijumaa ina walakini. Na hao wanaokusifu, humpa mkono naye, au hukupa wewe mkono ukapita juu ya kichwa chake? Waambie: huyu ni kakangu, msalimuni.

Tena, kwa kuwa akili yake ni timamu, sala tano ni faradhi kwake kama kwako. Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Imran bin Huswayn asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kumtilia udhu na kumfikisha safuni ni kumsaidia faradhi yake, usikuhesabu kuwa ni hisani.

Imebaki toba. Hii ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, basi pamoja na istighfari kwa Allah, radhi itoke kwa kakako mwenyewe. Usimtume mamako. Usisimame nyuma ya kiti. Keti chini, uso kwa uso, umwambie ulilolisema siku ile. Jibu lake litachukua muda. Usimmalizie maneno.