Barua kwa Mwanangu: Ada ya Kizimba Mwezi Mei

Lindi, 18 Mei

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha kubangua korosho huko Newala kimeamua kuchukua kizimba cha kuuzia bidhaa katika maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya mwaka huu hapa uwanja wa Ngongo. Umeniuliza, kwa kuwa nimekaa miaka mingi katika kamati ya maandalizi, kwa nini mlipe ada ya eneo kabla ya mwisho wa Mei ilhali maonesho huanza tarehe 1 Agosti. Ukaongeza, kwa heshima lakini kwa maneno yenye mwiba, kwamba huenda kamati inafanyia biashara fedha za akina mama.

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye vipando, yaani mazao yanayooteshwa uwanjani ili wageni wayaone. Mgeni akiingia uwanjani Agosti hukuta mahindi yamebeba na bamia zimesimama, akadhani ni neema ya ardhi. Mahindi hayo hupandwa Mei inapoanza, wakati masika yameshatupa mgongo, na tangu siku hiyo humwagiliwa kwa pampu inayokunywa dizeli kwa miezi mitatu. Muuza dizeli hakopeshi kwa ahadi ya Agosti, na fundi wa vyoo ni vivyo hivyo.

Wengi huamini kwamba utajiri uko getini. Siku nane ni chache, mwanangu, na siku ya kujaa kwelikweli ni ile ya kilele. Nyingine hujazwa na wanafunzi wenye sare, wakiongozwa na walimu wao. Fedha ya geti hufika ikiwa noti ndogondogo, na kabla haijapoa imekwisha kwa walinzi, wazoa taka na boza la maji. Usiku mmoja nilihesabu vishina vya kitabu cha tiketi 100 mara tatu nikipata 99, nikaanza kumtazama vibaya kijana wa getini, hadi nilipogundua kwamba viwili vilikuwa vimegandana kwa maji ya ubuyu. Nilimwomba radhi, naye akacheka tu.

Yapo pia makosa yangu. Mwaka mmoja niliwaonea watu huruma, nikaishawishi kamati iruhusu malipo ya siku ya kuingia. Walioandikisha majina wengi hawakutokea, nasi tukabaki na mapengo katikati ya uwanja, huku waliokuja bila taarifa wakigombea pembe zilizo karibu na lango. Jioni ya tarehe 31 Julai alishuka mama ntilie mmoja na masufuria yake, akakuta mwenzake ameshapanga mafiga palepale alipoahidiwa. Majina yote mawili yalikuwa kwa mwandiko wangu. Tulimhamishia nyuma, karibu na vyoo, na wali wake ukawa unarudi nyumbani kila jioni. Ada nilimrudishia, lakini mchele uliokwisha kupikwa haurudishwi. Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu stakabadhi kabla ya namba ya kizimba.

Hata hivyo, lalamiko lako lina haki ndani yake. Fedha ya korosho huanza kuonekana Oktoba, minada inapofunguliwa. Mei mfuko wa mkulima wetu umekauka, na ufuta ndio humnyanyua kuanzia Juni. Kalenda ya malipo iliyotungwa bila kuangalia ufuta imetungwa na mtu asiyelima. Nimependekeza mara mbili kwamba vikundi vilipe nusu Mei na nusu Julai, na mara zote mbili nimeshindwa kwa kura. Nitalirudisha tena kikao kijacho, na safari hii nitaisoma barua yako, nikiondoa ule mwiba.

Kwa mwaka huu, tafuteni kikundi kingine mgawane kizimba kimoja, kwani bidhaa zenu hazihitaji nafasi kubwa. Mkilipa, hakikisheni namba ya kizimba imeandikwa kwenye stakabadhi yenyewe, kisha wewe mwenyewe ufike tarehe 30 Julai uione namba hiyo kwenye kigingi. Ombeni pia upande ambao kusi halipigi usoni, maana vumbi la Ngongo likishatua juu ya korosho nyeupe hakuna mteja atakayeonja.

Mama yako anakusalimu. Anasema umletee zile za vipande, nzima uwaachie wateja.

Baba yako